Injini ya Marehemu Iliyowaka Kila Saa Moja Asubuhi

Asubuhi ya kwanza nilipoisikia nilikuwa nimeinama uani, nasugua doa la mafuta.

Gari la marehemu mume wangu likawaka.

Nawaeleza lilivyokuwa, sitii chumvi. Stata ilikwaruza mara moja, ikanyamaza. Ikakwaruza mara ya pili, ikanyamaza. Ya tatu ikashika. Injini ikakohoa kama mtu aliyepaliwa na maji, ikagongagonga, kisha ikatulia na kuunguruma.

Miaka ishirini na miwili niliusikia mlio huo kila asubuhi kabla chai haijachemka. Ningeutambua hata nikiwa nimejifunika mablanketi matatu.

Shida ni kwamba gari lile halipo.

Lilivutwa kwa kamba likatoka uani kwetu miaka sita iliyopita, siku tatu baada ya mazishi. Pale lilipokuwa likilala pamebaki doa jeusi kwenye saruji. Nimelisugua kwa sabuni ya unga, kwa majivu, kwa mchanga. Mvua ikinyesha, linarudi.

Sikupiga kelele. Niligeuza ndoo nikaikalia.

Naishi na mwanangu wa pekee na mkewe. Mwanangu ni mpima ardhi, mkamwana wangu ni muuguzi. Siku za kazi wanatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, nyumba inabaki na mimi na paka. Na mlio wenyewe ulichagua kuja saa moja kamili, wao wakiwa wameshafika mbali. Jumapili, siku ambayo wote tupo, kimya.

Nilimwambia mkamwana. Akanisikiliza vizuri, kisha akaleta kile kipimo chake akanipima presha.

Mwanangu akasema nimemkumbuka baba tu. Lakini kesho yake niliwasikia jikoni wakinong'ona kuhusu daktari wa wazee. Nikafunga mdomo.

Miezi mitatu nikaishi hivyo. Saa moja ikikaribia naacha kila kitu, nakaa kitandani nimeshika kona ya shuka. Inakwaruza, inanyamaza. Inakwaruza, inanyamaza. Inashika.

Nyinyi mtasema bibi alikuwa anaogopa mzimu. Hapana. Mume wangu alikuwa mpole, hata mzimu wake ungekuja na kubisha hodi. Nilichoogopa ni kwamba nilijua amefuata nini.

Subirini, nitafika huko.

Mwanangu alihamishiwa kazi ya kupima viwanja milimani, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Hospitali yenye chumba cha upasuaji ni mwendo wa saa nzima kutoka kwetu, kwa barabara ya mawe ya milimani. Gari likawa si anasa tena. Likatafutwa gari la juu, lenye nguvu magurudumu yote manne, lililotumika.

Hapo ndipo nyumba ikagawanyika: dizeli au petroli?

Mwanangu hakutaka hata mjadala. Alisema dizeli haitakanyaga uani kwake akiwa hai.

Mnapaswa kujua kwa nini. Baba yake alibanwa na kifua asubuhi moja, tukaondoka naye kwenda hospitali, akiendesha mwenyewe kwa sababu mimi usukani siujui. Kilomita chache mbele gari likaishiwa nguvu, likagonga ndani kama mtu anapiga sufuria, likazima. Pampu ya dizeli imekufa. Mume wangu alikaa kwenye jiwe kando ya barabara, na juu ya jiwe hilo ndipo alipokata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu.

Ndivyo hadithi ilivyojulikana. Ndivyo mwanangu alivyoibeba miaka sita.

Fundi aliyeitwa siku ile ni rafiki wa mume wangu, tunamwita Fundi Kimya. Ukimuuliza jambo Jumatatu anakujibu Jumatano. Mwanangu akamwomba aende naye yadi ya magari kuangalia, na mimi nikasema nakwenda. Wakashangaa, mama mwenye magoti haya anataka nini kwenye magari. Nikawaambia nataka kupunga upepo.

Magari yalikuwa mawili ya bei inayokaribiana. Moja jeupe la petroli, linang'aa hadi unajiona meno. Jingine la kijani, la dizeli, lina mikwaruzo ubavuni na kiti cha dereva kimechanika, kimeshonwa kwa uzi wa viatu.

Muuzaji alikuwa na maneno ya asali. Akanishika bega, akaniambia, "Mama, hili jeupe ni bibi harusi. Unamchukua unaondoka naye."

Fundi Kimya aliweka kiganja juu ya boneti ya bibi harusi. Akakiondoa.

"Mbona ana homa?" akauliza.

Kumbe walikuwa wamelipasha moto kabla hatujafika. Fundi akasema tutangoja lipoe. Tukangoja, muuzaji akitazama saa yake. Lilipopoa, fundi akafungua rejeta, akachovya kidole, akanionyesha: maji yana utando wa mafuta. Akafungua kifuniko cha oili, chini yake pamejaa povu la rangi ya chai ya maziwa. Akasema maji na oili vimeonana ndani, gasketi ya juu imekwisha, na injini hiyo imeshawahi kuchemka vibaya.

Akaenda kwa lile la kijani. Lilikuwa baridi, hakuna aliyejisumbua kulipasha. Akageuza ufunguo, akangoja taa ndogo ya njano izime, akawasha. Likashika papo hapo. Moshi mwembamba, ukapotea. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, akaweka mkono juu, hakuna moshi unaopuliza, akaitikia kwa kichwa.

Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima. Kwamba petroli si mbaya, angekuwa mtu wa kwenda sokoni na kurudi angemchagulia petroli, maana dizeli haipendi safari fupifupi, inajaa masizi. Lakini mtu wa milimani, wa mizigo, wa safari ndefu, achukue dizeli. Na kati ya haya mawili, hakuna hata cha kufikiri.

Mwanangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dizeli ilimuua baba. Nachukua jeupe, gasketi nitabadilisha."

Nilitazama saruji ya yadi.

Maana ukweli nilikuwa nao mimi.

Stoo kwetu kulikuwa na madumu mawili ya njano, yanafanana kama mapacha. Moja la dizeli ya gari, moja la petroli ya mashine ya kukatia nyasi. Mume wangu alifunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa lile la dizeli. La kitambaa ni la gari, ndivyo tulivyoishi.

Sasa mimi na uchafu hatuelewani. Wiki ile nilikuwa nasafisha stoo, nikaona kitambaa kimeganda grisi na vumbi. Nikakifungua, nikakiloweka usiku kucha, nikakifua, nikakianika, nikakirudisha.

Nikakirudisha kwenye dumu lisilo lake.

Siku mbili baadaye kifua kikambana. Geji ikaonyesha tenki limekaribia kukauka. Akaniambia kwa sauti ya chini nimimine dumu la kitambaa. Nikamimina lote. Harufu niliisikia, kali, inachoma pua, lakini nilikuwa na hofu, nikadhani ni stoo inanuka. Baada ya mazishi ndipo nilipofungua dumu lililobaki, nikanusa. Dizeli.

Nikalifunga. Nikakaa kimya miaka sita.

Asubuhi ya pili baada ya yadi, mwanangu hakwenda kazini. Alichukua ruhusa ili akalichukue gari jeupe. Mkewe alikuwa ameshatoka. Fundi Kimya angepita kumfuata, ingawa alikuwa amenuna.

Tukakaa jikoni tunakunywa chai. Saa ya ukutani ikasogea. Nikaweka kikombe chini.

Stata ikakwaruza. Ikanyamaza.

Mwanangu aliinua kichwa.

Ikakwaruza. Ikanyamaza. Ikashika, ikakohoa, ikagongagonga.

Uso wake ulibadilika ukawa wa mtoto wa miaka saba. Mlio ule ndio uliokuwa ukimwamsha kwenda shule.

"Mama," akasema polepole, "hiyo ni ya baba."

"Ndiyo. Imekuja kwa ajili yangu."

Nikamweleza. Kitambaa, madumu, harufu, yote. Nilimwambia, "Dizeli haikumuua baba yako. Mimi ndiye niliyemimina petroli."

Alitoka nje akasimama juu ya lile doa, amenipa mgongo. Ningependa anitukane. Ningependa avunje kikombe. Alisimama tu, na injini ile inaunguruma kwa mbali kama haina habari.

Fundi Kimya akatukuta hivyo. Mwanangu akamuuliza bila salamu, "Fundi, pampu ya baba ilikufa kweli?"

Fundi alinitazama. Akaelewa.

"Haikufa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kabla sijafika barabarani," akasema. Kisha akatega sikio upande wa nyuma ya nyumba, akashusha pumzi. "Vaeni viatu. Twendeni."

Tulipita kijia cha nyuma, tukavuka mtaro, upande ambao magoti yangu hayakuwa yamefika mwaka mzima. Mwanangu alitangulia, hakunishika mkono.

Nyuma ya ghala la zamani kuna banda la mabati. Ndani, vumbi jeupe la unga, wanawake wawili na magunia yao, na mashine ya kusaga nafaka inazungushwa na mkanda mrefu. Mkanda umetoka kwenye injini ya gari iliyofungwa kwa bolti juu ya fremu ya mbao.

Niliitambua kabla sijaambiwa. Kijiti cha kupimia oili kilivunjika pete zamani sana, mume wangu akakiwekea pete ya shaba ya pazia langu la sebuleni. Pete ilikuwepo, inatikisika.

Sikio langu halikuwa limenidanganya hata siku moja.

Fundi alituambia kwa kupaza sauti juu ya ule mlio. Gari lilipovutwa hadi kwake, alimwaga petroli yote, akasafisha pampu na nozeli, akaweka dizeli, ikawaka. Mwenye mashine ya kusaga aliinunua injini akaitumia mbali huko, na miezi mitatu iliyopita akahamia hapa. Jumapili hafungui. Fundi alipokuja kuihudumia akaona ipo nyuma ya nyumba yetu, akakosa pa kuanzia kutuambia.

"Na uongo wa pampu?" mwanangu akauliza. "Ulikuwa unamficha mama?"

Fundi alifuta mikono iliyokuwa safi.

"Baba yako alinipigia simu akiwa kwenye lile jiwe, mama yako akiwa barabarani anasimamisha magari. Aliniambia, mama amemimina petroli. Ukija, sema pampu imekufa. Nikipona nitamtania mwenyewe. Nisipopona, asijue mtu."

Nilishika nguzo ya banda.

Kumbe alijua. Nilikumbuka alivyofungua boneti, akanusa vidole, akanitazama, akatabasamu kidogo na maumivu yake yale. Mimi nikadhani anajikaza kiume. Alikuwa anafikiria utani atakaonitania.

Yeye alinificha mimi, mimi nikajificha mwenyewe, fundi akatuficha wote. Na katikati ya huruma yetu hiyo, mwanangu akaishi miaka sita akiichukia injini isiyo na kosa, na ilibaki kidogo ampakie mkewe mwenye mimba kwenye gari la kumwacha milimani.

Mwanangu aliweka kiganja juu ya ile injini. Kikatikisika nayo.

"Miaka sita nimekichukia chuma," akasema.

"Na mimi?" nikamuuliza.

Aliifuta ile pete ya shaba kwa kidole gumba mpaka ikatoa rangi yake. Halafu akaja akanishika mkono, pale juu ya kiwiko, kama baba yake alivyokuwa akinishika penye utelezi.

"Twende, mama. Tukalichukue lile la kijani kabla hawajalipasha moto."

Tulirudi polepole. Kwenye mtaro alinibeba.

Mimba ilipotimia, gari la kijani lilishika mara moja tu, alfajiri ya baridi, likapanda mawe yote bila kulalamika. Tuna mtoto wa kike, ana mapafu kama king'ora.

Saa moja asubuhi bado inawaka, isipokuwa Jumapili. Siku hizi naiitikia. Namwambia haya, nitanie basi, nipo nakusikiliza. Doa uani nimeacha kulisugua.

Nanyi mnaosoma, mkienda kununua gari lililotumika, liwe la dizeli au la petroli, guseni boneti kwanza. Likiwa la moto, rudini kesho. Gari lililopashwa moto linaficha ugonjwa wake.

Na ukiwa na neno la kumwambia mtu wako, mwambie lingali baridi, siku ileile, kabla hamjalizoea. Sisi tulilipasha moto miaka sita, tukaliita upendo.