Mbwa wa Kaka

Kaka yangu alimleta yule mbwa nyumbani kwetu Izia siku chache kabla ya Krismasi, ndani ya boksi la biskuti, kwa basi kutoka Dar es Salaam. Muda mfupi kabla ya hapo wezi walikuwa wamevunja stoo ya mama na kubeba magunia ya mahindi. Mama alikuwa ndani na hakusikia kitu, maana masikio yake yalishaanza kuziba. Kaka akaweka boksi mapajani pa mama, akasema, "Mama, nimekuletea mlinzi." Majirani wakaja kumtazama, wakamsifu kaka kwa kumkumbuka mama yake. Kaka akapiga naye picha nyingi, akala sikukuu, akapanda basi akarudi kwa mkewe. Tangu siku hiyo mbwa akawa wake na kazi ikawa yangu.

Watu wanaosema mbwa hula makombo hawajawahi kufuga mbwa, au wamefuga wakamwacha ajitafutie jalalani. Sisi tulikuwa wawili, mama na mimi, na makombo yetu hayashibishi hata kuku. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijapanda baiskeli kwenda kwenye cherehani yangu kule Mazwi, nilisonga ugali wa pili, wa mbwa, nikauchanganya na vichwa vya dagaa. Nikimpa kiporo anaharisha, na anayezoa ni mimi. Kuna dawa ya minyoo, kuna dawa ya kupe. Kuna siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, unapanga foleni na mbwa wako huku mbwa wa wenzako wakitaka kumrarua, na cherehani siku hiyo imefunikwa, wateja wanarudi na vitambaa vyao. Baridi ya kwetu mwezi wa sita haina huruma, basi nikamshonea godoro la viroba, nikalijaza vipande vya sare za shule. Alipomla kifaranga wa jirani nililipa mimi, na jirani aliniapia kwamba yule kifaranga alikuwa karibu kutaga.

Jumapili moja kaka alipiga simu ya video. Hakuanza na mama. "Mbwa wangu hajambo? Mbona amekonda? Mpeni maziwa, mbwa anahitaji maziwa." Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nakunywa chai ya rangi.

Ningemfukuza. Nasema kweli, miezi ya mwanzo nilimwombea apotee. Kilichonizuia ni mama. Yule mbwa, bila kufundishwa na mtu, alianza kumwendea mama kila mtu akifika getini, akimvuta khanga kwa meno mpaka ainuke. Sufuria ikifurika motoni anamvuta. Mama, ambaye tangu wizi ule alikuwa anashinda ndani akiogopa kila kivuli, akarudi kukaa uani na kuchambua maharage yake, akiongea na mbwa Kifipa kama aliyepata mwenzake wa kusengenya naye watu. Jioni nikifika na kugonga, nilisikia kwanza mbwa akikimbia, kisha ndala za mama, kisha komeo. Nikampenda. Haya, nimesema.

Kwetu watu huazimana mbwa wakati wa mavuno. Mahindi yakishakatwa na kurundikwa shambani, mwenye shamba asiye na mbwa huomba kwa ndugu, akalala naye kibandani ili wezi na nguruwe pori wasisogee. Kazi ikiisha anamrudisha akiwa ameshiba, pamoja na debe la mahindi, ndiyo shukrani ya mbwa. Kumnyima ndugu mbwa ni kama kumnyima kaa la moto, watu watakusema hadi msibani. Mjomba wetu wa Kaengesa, kaka yake mama, alijua nusu tu ya desturi hiyo, ile ya kuazima. Mavuno ya kwanza alimrudisha mbwa mbavu nje, na debe halikujaa. Mavuno ya pili debe halikuja kabisa. Mavuno ya tatu alimleta kwa bodaboda, ndani ya kiroba, mguu wa nyuma umekatwa na waya wa mtego mpaka mfupa unaonekana. Ulikuwa umeshaanza kunuka, maana yake hakunaswa jana wala juzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huyu mbwa wenu mkorofi sana, amekwenda kujinasa mwenyewe." Akanywa chai, akaaga, akasema anawahi mahindi yake.

Bwana mifugo alipofika alisema mguu ule haufai tena. Ama ukatwe, ama mbwa apigwe sindano ya kummaliza. Kukata kunataka dawa ya usingizi, uzi, na sindano za siku nyingi baadaye. Nikaandika kwenye kundi la familia la kwenye simu. Pole zilikuja papo hapo, na vikatuni vya machozi, na mikono ya kuomba. Kundi hilohilo lilikuwa limechangia harusi ya binamu mpaka viti vya ukumbini vikavalishwa nguo. Kaka akaandika, "Mmalizeni tu, nitamletea mama mwingine." Shangazi mmoja akajibu, "Amina."

Nikauza mabati. Nilikuwa nimeyanunua mojamoja, kwa muda mrefu, ili niezeke kibanda changu cha kushonea. Mbwa alikatwa mguu uani kwetu, juu ya meza ninayokatia vitambaa, mimi nimemshika kichwa na mama amejifungia chumbani. Baada ya hapo nilimwosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, nikambeba kwenda kukojoa, nikamfukuzia nzi. Mvua zilipoanza nilikuwa bado nashona chini ya turubai lenye matundu, na sare za wateja zikalowa, na wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Lakini mbwa alipona. Siku alipochechemea kwa mara ya kwanza kutoka getini hadi kwa mama akamvuta khanga, mama alilia. Kaka naye aliweka picha ya mbwa kwenye kundi. "Mbwa wangu shujaa," aliandika. Walimpongeza kaka sana.

Nilidhani kilema kitamwokoa. Mavuno yaliyofuata mjomba alikuja tena, kamba mkononi.

"Mjomba, mbwa huyu ana miguu mitatu."

"Kwani anabweka kwa mguu?"

Nikamwambia hatoki. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kumpandishia mkubwa yeyote. Nikamweleza habari ya masikio ya mama, nikamweleza mabati yangu, nikamwambia na lile debe. Mjomba akamwinamia mama sikioni, akamwambia kwa Kifipa kwamba bintiye anamnyima mbwa. Mama akanitazama kwa aibu, na aliyemwaibisha ni mimi, si kaka yake. Kisha mjomba akampigia kaka na kuweka spika.

"Mchukue tu mjomba, mbwa si wangu bwana?" kaka alisema, televisheni ikipiga kelele nyuma yake. "Huyo dada usimsikilize, ana ukali wa bure."

Mama mwenyewe ndiye aliyefungua mnyororo tunaomfungia mbwa wageni wakishaingia. Ugali wa mbwa, niliousonga asubuhi ile, akauweka kwenye mfuko akampa mjomba amlishe mbwa njiani.

Kesho yake jioni nilitoka Mazwi, upepo unanisukuma mimi na baiskeli. Geti lilikuwa limekomelewa kwa ndani, kama tulivyozoea tangu wizi. Nikagonga. Nikaita. Nikaokota jiwe nikapiga bati la geti mpaka jirani akachungulia na kuuliza kuna nini. Kwenye upenyo nilimwona mama jikoni, amenipa mgongo, anachochea moto. Nilikuwa na hasira na kaka, na mjomba, na kundi zima la pole na amina, na zaidi ya wote nilikuwa na hasira na mgongo ule wa mama uliotulia. Nikaegemeza baiskeli nikapanda ukuta. Juu tumechomeka vipande vya chupa kwa ajili ya wezi. Vikanichana sketi na goti.

Nilipomgusa bega aliruka, mwiko ukamtoka, akashika kifua. Ilimchukua muda kunitambua.

"Mwanangu, mbona unaingia kama mwizi?" akasema. "Ungepiga hodi."

Damu ilikuwa inanichuruzika hadi kwenye kiatu. Nikaokota mwiko, nikausuuza, nikamwambia sikioni kwamba nimesahau.