Wimbo wa Tisa Hauna Jibu

Nilimliza mwanamke niliyempenda mara kumi na moja kwa siku moja, na kila alipomaliza nilimwambia arudie.

Msinitukane kwanza. Nisikilizeni.

Naitwa Mwishehe, naishi Kipawa, jirani na uwanja wa ndege. Kazi yangu ni kufunga spika kwenye kumbi za harusi, lakini ugonjwa wangu ni muziki wa metal. Gitaa za kukwaruza, dramu za kukimbia, halafu juu yake kinanda na fidla, utadhani tarabu imepandwa na hasira.

Jirani alishawahi kuniuliza kama ndani kwangu kuna mtu anapungwa pepo.

Miaka mitatu nilikuwa natengeneza albamu moja. Nyimbo tisa, hadithi moja mwanzo hadi mwisho: binti anamsubiri mwanaume asiyeweza kusema anachotaka.

Sauti ya binti alikuwa Rukaiya wa Mwananyamala. Alikulia kwenye kasida, na akipandisha sauti mwili wote unakusisimka. Nilimpenda. Nilijua ananipenda. Hakuna aliyewahi kutamka.

Siku moja akaniambia, "Mwishehe, nyumbani imeletwa barua ya posa."

Mjinga mimi, unajua nilijibu nini?

"Aisee! Hiyo ndiyo nyimbo yetu ya tisa!"

Akanitazama. "Umesikia nilichosema lakini?"

"Nimesikia! Binti kaletewa barua, anamuuliza jamaa, 'Niwajibu nini?' Rukaiya, we noma!"

Nikaandika wimbo kwa siku mbili. Jumamosi asubuhi akaja kurekodi.

Aliimba lile swali, "Niwajibu nini?", machozi yanamtiririka. Mie nyuma ya kompyuta nachekelea. Nilidhani anaigiza.

"Rudia. Pale mwisho lia zaidi."

Akarudia. Mara kumi na moja, bila kulalamika.

Mara ya mwisho ndege ikapita juu ya bati, ikabidi tusubiri. Nikatoka kununua maji. Niliporudi alikuwa amesimama palepale, simu mkononi.

"Eti Mwishehe, jamaa anamjibu nini? Kwenye nyimbo."

"Hajibu. Pale naweka solo ya gitaa, dakika sita. Itaua!"

Akachukua mtandio wake.

"Haya. Kazi njema, kaka Mwishehe."

Miaka mitatu hakuwahi kuniita kaka. Na hata hilo sikulisikia.

Wiki tatu baadaye nikaitwa kufunga spika kwenye ukumbi mmoja hukohuko Mwananyamala. Nikaingia na nyaya zangu begani, nikasoma jina la bibi harusi ukutani.

Nilifunga spika zote. Halafu nikaenda nyumbani, nikalia mpaka nikatapika.

Ilipita miezi miwili ndipo nikaweza kugusa wimbo wa tisa. Sasa, Kipawa ndege hazipumziki, kwa hiyo huwa sizimi kurekodi kila inapopita moja. Naacha itembee, nakata baadaye.

Nikaicheza rekodi ya siku ile ili nikate. Ndege ikapita. Mlango ukafungwa, ndio mie natoka. Kisha nikamsikia Rukaiya akiongea na simu.

"Shikamoo shangazi. Wajumbe wamefika kuchukua jibu? Wasiondoke. Nipe dakika tano, namuuliza kwa mara ya mwisho. Akisema neno moja tu, warudishieni barua yao."



Mlango ukafunguka. Swali lake likafuata.

Halafu ikaja sauti ya mwanaume mmoja, imejaa furaha: "Hajibu. Pale naweka solo ya gitaa, dakika sita. Itaua!"

Albamu nimeiweka mtandaoni. Watu wananisifia kilio cha wimbo wa tisa, wanasema yule dada anajua kuigiza. Siwajibu. Ningewaambia nini?

Ndugu yangu unayesoma, mwanamke akikwambia nyumbani imeletwa barua, hakupi habari. Anakuuliza wewe. Mjibu hapohapo, hata kwa kigugumizi, kabla shangazi hajapiga simu.