Mrija Umetoka, Mama Mkwe Ameingia

Ipo siku moja, mwanangu, nisiyoisahau hata nikiamshwa usingizini. Nakusimulia leo kwa sababu kesho asubuhi unaingia chumba cha mirija kwa mara ya kwanza. Kaa vizuri. Simu yako iweke mfukoni, haitakukimbia.

Watu wakisikia katheta hufikiria ule mpira wa mkojo tu, na mimi nilikuwa vivyo hivyo. Nilikuwa nimeshakula chumvi ya wodini kiasi changu, mvi zimeanza kuchungulia, nilipoambiwa nihamie chumba kile. Usicheke. Ujana si wa umri peke yake. Mtu mzima akianza kazi asiyoijua naye ni kijana, tena kijana mwenye majivuno, na huyo anasumbua kuliko kijana mwenyewe. Basi nikakuta mirija mirefu, myembamba, laini, mtu unaogopa hata kuishika. Daktari anachoma ganzi, anatoboa kidogo kinenani, anatanguliza waya ndani ya mshipa wa damu, na mrija unafuata juu ya waya. Sote tumevaa aproni nzito za risasi za kuzuia mionzi, macho yako kwenye skrini. Mrija unapanda polepole mpaka palipo na tatizo, na mgonjwa yu macho, anakuuliza kama nje kuna upepo. Panapovuja panazibwa kutoka ndani kwa kijiwaya kinachojikunja humo humo, bila kupasua tumbo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ufa tunauziba ndani ya mtu. Ni kazi nzuri, mwanangu. Naipenda mpaka leo na sioni haya kuisifu.

Siku hiyo tuliletewa mfugaji kutoka Zuzu, nitamwita Chilongani. Dume lake mwenyewe lilikuwa limempiga pembe ubavuni. Ngozi haikupasuka, lakini figo iliumia, akawa anakojoa damu na kuzidi kuishiwa nguvu. Daktari alimpitisha mrija kutoka kinena cha kulia mpaka kwenye figo, akauona mshipa mdogo unaovuja, akauziba. Chilongani alipoambiwa pamezibwa, akauliza kama na dume nalo litaletwa, maana alikuwa amelichapa rungu la kichwa kabla hajaanguka. Tulicheka mle ndani mpaka daktari akatuambia tutulie. Kila mtu alidhani kazi imekwisha.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Mrija ukitoka unaacha tundu kwenye mshipa mkubwa unaokwenda mguuni, na kwetu tundu hilo linafungwa kwa mkono wa mtu. Unaweka vidole kinenani, juu kidogo ya tundu, unausikia mshipa ukidunda, unakandamiza, unatulia. Huchungulii. Ukiinua mkono kuangalia kama damu imekata, umeanza upya. Hata ukimaliza, mgonjwa analala chali, mguu umenyooka, kwa saa nyingi, hakunji wala hainuki. Akiinuka ghafla tundu linaweza kufunguka, na mshipa ule ukifunguka unamwaga damu kama ndoo iliyopinduliwa.

Nilikandamiza vizuri, sijisifu bure. Damu ikakata, nikafunga bandeji, tukamsogeza chumba cha mapumziko, kitanda cha kwanza ukiingia. Nikamwambia kwa sauti yangu ya wodini asikunje mguu na asiinuke, nikamtania kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaitikia, ndiyo sista, kwa unyenyekevu kabisa. Nikaridhika. Nimetoa amri, amri imekubaliwa, nilitaka nini tena?

Saa ya kuona wagonjwa ikafika. Mkewe, anaitwa Nyemo, alikuwa ameteremka kufuata dawa. Mlangoni akatokea mama mzee, mrefu, kitenge kipya begani, chupa ya uji wa uwele mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mwanawe Nyemo yuko wapi. Hakumtaja mgonjwa hata kidogo, na hilo peke yake lingetosha kunishtua kama ningekuwa na masikio. Nikamwambia kwa moyo mkunjufu aingie amsubiri ndani. Akaingia.

Mwanangu, yule alikuwa mama mkwe wa Chilongani.

Hata kwetu Kondoa mkwe anaheshimiwa, lakini kwa Wagogo walioshika mambo yao jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanamume akikutana na mama mkwe njiani anapisha, ikibidi aingie vichakani. Hawali pamoja, hawakaziani macho. Sembuse kukutwa amelala chali, kifua wazi, shuka moja tu mapajani! Chilongani alipomwona hakufikiri. Alifanya alichofundishwa tangu hajaota ndevu. Aliinuka ampishe.

Nilipomfikia shuka lilikuwa jekundu. Nikabonyeza kwa vidole, kisha kwa kiganja, kisha kwa uzito wangu wote, na unaniona nilivyo, si mwepesi. Nikaita daktari aje. Chilongani akawa ananisukuma ashuke kitandani. Kilichomsumbua haikuwa maumivu, ilikuwa aibu, na aibu ina nguvu usizozijua. Mtu anayeangusha dume, wewe umzuie kwa viganja viwili?

Yule mama alikuwa ameshageuka na kufunika uso kwa kitenge, ila hakuwa na pa kutokea, maana machela yenye mgonjwa mwingine ilikuwa imejaa mlangoni. Hapo mimi nikaleta ujuba. Nikamfokea mbele ya mkwewe: "Mama, toka! Unamuua mtu!"

Laiti ningeung'ata ulimi. Kumfokea mama mkwe wa mtu mbele yake ni kumtukana yeye na nyumba yake nzima. Chilongani akapata nguvu mpya. Akanishika kifundo cha mkono auondoe, nikaiona damu ikipenya katikati ya vidole vyangu. Niliogopa, nakwambia kweli. Figo tumeiponya, na mwenye figo anataka kunifia mikononi kwa sababu ya adabu zake.

Ndipo yule mama akaketi chini. Palepale sakafuni, ametupa mgongo, chupa ya uji pembeni yake. Hakugeuka na hakupaza sauti.

"Mkwe," alisema, "heshima yako imenifika. Nimeipokea yote. Mguu huo unalisha wajukuu wangu. Ulaze."

Chilongani akatulia. Sijawahi kuona dawa ya kumtuliza mtu namna ile. Akalala, akageuzia uso ukutani, machozi yanamtoka, na mguu akaunyoosha mwenyewe. Nikaupata mshipa chini ya vidole, nikakandamiza. Daktari akafika, akaagiza damu ya kumwongezea, akaniambia nisiondoe mkono. Sikuuondoa. Mabega yaliwaka moto, vidole vikafa ganzi. Machela ilishapita zamani, mlango uko wazi, na yule mama bado amekaa chini na mgongo wake. Angeweza kwenda zake. Alibaki kwa kuwa alijua akiondoka, mkwewe angeinuka tena kutazama kama ameondoka na hasira. Mpaka damu ilipokata kabisa hakujitikisa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huo msemo nilikuwa nausema tangu utotoni bila kuujua maana yake.

Baadaye nikamfuata kwenye korido, nikapiga goti, nikamwomba radhi. Hakunikasirikia, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Mwanangu," alisema, "mimi najua kupishwa na najua kupisha. Ungeniambia mlangoni kwamba ndani kuna mtu asiyetakiwa kuinuka, nisingekanyaga. Ulituacha gizani sote wawili, halafu ukatufokea kwa kujikwaa."

Nikampokea ile chupa ya uji, nikampelekea mgonjwa. Alikunywa wote. Siku zake zilipotimia akatoka hospitalini kwa miguu yake miwili, Nyemo yuko kando yake, na mama mkwe ametangulia mbele kabisa, mbali, kama inavyopasa.

Tangu hapo nina swali langu. Hutalikuta kwenye mafunzo yenu, na mimi siruhusu mgonjwa aingie chumbani kwangu bila kulijibu. Angali na nguo zake, kabla ya ganzi na waya, namuuliza: ukiwa umelala pale, nani akiingia utainuka? Wengi hucheka. Kisha wanafikiri, na jibu linakuja. Mzee mmoja wa Kongwa alisema mchungaji wa kanisa lake. Binti wa Chemba alisema baba yake, kwa sababu hajawahi kumwamkia akiwa amelala. Bibi mmoja alinijia juu, eti hakuna binadamu wa kumwinua yeye, kisha akasema labda mjukuu wake akilia. Tukapanga mjukuu akae na shangazi yake getini, mbali na masikio ya bibi. Huyo anayetajwa namngoja mwenyewe mlangoni. Namweleza kilichofanyika, namweleza hatari yake, namwomba anisaidie kumlinda mgonjwa. Hajanikatalia mtu hata mmoja. Wengine wanalinda mlango kuliko askari.

Sasa nakuusia, na ulishike. Mirija utaijua. Utajua upi ni wa figo na upi ni wa ini, utajua kutousukuma unapokataa, utajua kutoachia mkia wa waya unaobaki nje hata ukiitwa na mkurugenzi. Sina shaka nawe, mikono yako nimeiona. Ninalokuusia ni hili: amri isiyo na sababu haimshiki mtu. Mgonjwa mwenye malezi mazuri ndiye atakayeivunja amri yako siku malezi yake yatakapoitwa, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Mwacha mila ni mtumwa, nasi hatukuajiriwa kuwageuza watu watumwa. Usishindane na heshima ya mtu. Iulizie mapema, iheshimu, uiombe ikae upande wako. Mweleze anayelala, na mweleze anayeingia. Ukikosea ukafoka, piga goti siku hiyo hiyo, usingoje joto lipoe.

Haya, nenda ukalale, kesho si mbali. Mwenyezi Mungu akupe mkono imara juu ya jeraha na ulimi laini mlangoni. Na kila utakayemlaza, amjalie kuinuka kwa wakati wake, arudi kwao, akampishe mama mkwe wake njiani.