Bunju Aliyekuja Bila Kichwa

Nisikilize, wewe unayependa kushika mshipi siku za mapumziko. Nitakueleza polepole, maana ndivyo nilivyozoea kueleza mambo, lakini usidhani nimetulia. Nina hasira, na sijaona bado sababu ya kuiacha.

Mume wa dada yangu ana duka la vyombo Kariakoo. Kwao ni Moshi, na kabla ya duka alikuwa na bucha, kwa hiyo kisu anakijua. Mimi nauza spea za magari mtaa wa Gerezani. Kwetu ni Kilwa. Jumapili moja aliniomba nimfundishe kuvua. Nilifurahi. Tukavuka na pantoni hadi Kigamboni, tukakaa kwenye mawe, nikamwonyesha namna ya kufunga ndoana, kutia chambo cha ngisi na kuusikiliza mshipi kwa kidole. Alishika haraka, nasema kweli. Akapata changu wadogo kabla yangu, akanitania kwamba mwenye bahari nimeishiwa.

Kisha mshipi wake ukakaza. Akavuta, akatoa samaki mnene mwenye madoa na meno kama ya sungura. Alipowekwa juu ya jiwe alianza kujaza tumbo hadi akawa duara.

"Shem, njoo uone. Nimevua mpira."

"Huyo ni bunju," nikamwambia. "Haliwi. Ana sumu, na sumu yake haitoki kwa moto."

"Nyie watu wa pwani waoga. Sumu si itakuwa kwenye nyongo? Ukitoa nyongo, nyama inaliwa."

Sikumcheka. Nilimweleza kwamba nyongo ya mbuzi ikipasuka utaijua kwa uchungu wake, utatema. Sumu ya bunju haina ladha ya kukuonya, na haikai mahali pamoja: iko kwenye ini, kwenye mayai, hata kwenye ngozi, na nyama nayo huipata. Midomo hufa ganzi, kisha mikono, kisha pumzi. Nikamwambia amtoe ndoana, amrudishe majini.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Nikaenda upande wa pili wa mawe kukusanya mishipi iliyonasa. Niliporudi, bunju hakuwepo na ndoo ilikuwa imefunikwa. Nikaamini ameelewa.

Tuliporudi mjini nilipitia Gerezani kumfungulia duka mteja aliyekwama na gari. Shemeji akatangulia na ndoo kwa mama yangu, Kariakoo, ambako tulipanga kula chakula cha mchana.

Sasa uelewe kitu kimoja kuhusu mama. Hanunui samaki bila kumtazama usoni. Pale soko la samaki la Feri humfunua shavu, akambonyeza jicho, akabishana na muuzaji mpaka watu wakacheka. Bunju angemtambua hata gizani. Lakini shemeji alikuwa amemchuna nyuma ya mawe, akamkata kichwa na mkia, akamsafisha kama anavyosafisha kuku. Kilichofika jikoni kilikuwa kipande cheupe kilichonona, kimefungwa kwenye mfuko safi, zawadi ya mkwe.

Nilipoingia, changu walikuwa wamekaangwa. Kando kulikuwa na sufuria ya mchuzi wa nazi.

"Mama, huyu wa mchuzi ni samaki gani?"

"Kaleta shemeji yako. Mkubwa huyo, kasema ni wangu mimi."

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Kaja bila kichwa."

"Na wewe hukuuliza?"

"Nimuulize mkwe zawadi yake, kama niko mnadani? Utanifundisha adabu leo?" Akafuta midomo kwa ncha ya kanga. "Ila tui la leo linaniwasha mdomo. Nimeonja chumvi tu."

Nilimgeukia shemeji. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, tayari kunawa.

"Ni yule?"

"Shem, matumbo nilitoa yote. Nikamwosha mara tatu."

Nilimbeba mama hadi kwenye bajaji, na hospitali jambo la kwanza nililosema ni jina la samaki. Ulimi wake ulikuwa mzito. Alijaribu kunishika mkono, vidole havikukaza. Daktari alisema sumu hii haina dawa ya kuiondoa, wao watamsaidia kupumua mpaka mwili uimalize wenyewe. Mama aliyenizaa alikuwa anapumulia mashine kwa kuonja chumvi.

Alipona. Ndiyo maana kila mtu anataka nami nipone. Wakubwa wa pande zote mbili walituketisha sebuleni kwa dada. Wakasema nia yake ilikuwa njema, hakutaka mkwe wake ale vile vichangu. Namwelewa. Lakini hakukosa kuambiwa. Aliambiwa kwa upole, akaitika, kisha akasubiri nigeuze mgongo. Angekuwa na hakika na nyama yake, asingejificha kuichuna.

Mama ndiye wa kwanza kumtetea. Juzi shemeji alikuja na kifurushi cha matunda. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba, karibu." Akapokea kwa mikono miwili, bila kufungua kutazama. Nikakifungua mimi, mbele yao, tunda moja moja. Dada akaniambia namdhalilisha mumewe. Nikamwambia nitafungua kila kifurushi kinachoingia nyumba hii, hata kama ni mkate.

Kwa hiyo, ukivua samaki anayevimba, kata mshipi na umwache aende; usimpasue. Mtu akihisi midomo inakufa ganzi baada ya kula samaki, mkimbize hospitali hapo hapo na utaje alichokula. Na samaki unayempelekea mtu, mpeleke na kichwa chake na ngozi yake.