Mafuta ya Papa kwenye Breki ya Mjomba

Harufu ya sifa haina adabu. Hayo ni mafuta ya ini la papa, ambayo mafundi wa vyombo vya baharini huzipaka mbao zisinywe maji, na mtu akiyashika asubuhi basi jioni bado yuko nayo, hata aoge kwa sabuni ngapi na ajifukize udi mpaka majirani wadhani kuna harusi. Nyumba yetu pale Faza ilinuka sifa mwaka mzima. Mjomba Athman, ndugu mdogo wa mama yangu, alikuwa fundi wa kukalafati, yaani kuziba nyufa za vyombo kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na debe lake lilikaa uani kwetu, kando ya kisima, likiheshimiwa kama mgeni aliyetoka Makka. Shuleni wenzangu walijua nimefika kabla hawajaniona. Nami sikuona tabu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mtu wa ndani, nisiyependa jua, upepo, mchanga wala mkusanyiko wa watu, na ukiniuliza leo nimebadilika wapi, nitakwambia sijabadilika ila nimenenepa. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakaa. Nairobi nimefika mara moja, na nilichokipenda zaidi huko ni basi la kurudi.

Msimu ninaousema ni ule ambao Idi ya kuchinja iliangukia ndani ya mvua za vuli, na pikipiki ndiyo kwanza zimeanza kujaa katika kisiwa chetu cha Pate. Zilikuja kwa mashua, na hapakuwa na hata moja iliyofika bila kuonja maji ya chumvi njiani. Kwa hiyo zote zilikuwa na maradhi. Nyingine ilizimika ukipiga honi, nyingine ilipiga honi ukikata kona. Vijana wa Faza na wenzao wa Siyu walikuwa wameanzisha mashindano ya siku ya pili ya Idi: waanzie Mtangawanda, kwenye gati la abiria, wapite Siyu, wamalizie uwanjani Faza, mahali ambapo watoto wote wa mji husimama na nguo zao mpya. Mwaka huo mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Udongo wetu mweusi ukilowa hunata kama ugali mbichi, na watu wazima wenye akili walisema mashindano yaahirishwe. Lakini vijana wa Siyu walileta salamu kwamba kama Faza wanaogopa kulowa, wakae ndani na bibi zao. Mimi nilikuwa ndani na bibi yangu, sikuona tusi liko wapi. Mjomba Athman aliliona.

Tatizo ni kwamba pikipiki yake ilikuwa na tabia ya mbuzi: ikiona maji, inagoma. Tone moja likiingia kwenye plagi, basi. Alikuwa ameshaisukuma kutoka Siyu hadi nyumbani mara nyingi kiasi kwamba watu barazani walimpigia kelele, "Bwana Athman, hiyo ni pikipiki au ni mtepe? Ngoja upepo basi!" Mtepe ni vile vyombo vya kale vilivyoshonwa kwa kamba, visivyo na injini wala msumari. Mjomba alicheka nao, lakini nilimjua, alikuwa anaumia. Ndipo siku ya kwanza ya Idi, baada ya chakula cha mchana, akaiegemeza pikipiki kisimani, akalivuta debe la sifa, akamwambia mama, "Mimi nazuia bahari nzima isiingie chomboni. N'tashindwa na mvua?" Mama akamjibu kwamba chombo hakina waya. "Ndiyo maana chombo hakizimiki," akasema Mjomba, akaanza kuipiga pikipiki kalafati.

Aliniita mimi nimsaidie, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba na kwa sababu hapakuwa na hatari ya kunikosa nyumbani. Tulizungushia plagi pamba, tukaziba kila tundu la waya, tukapaka sifa juu yake tabaka baada ya tabaka, mpaka injini ikafanana na samaki aliyekaangwa akasahauliwa. Adhana ya alasiri ilipopigwa Mjomba alikwenda kuswali, akaniambia nimalizie waya wa taa. Nikaumaliza. Kisha nikakumbuka kwamba wiki nzima alikuwa akilalamika breki zinalia. Sasa, kwetu kila kinacholia hutiwa mafuta: bawaba za mlango, kapi la kisimani, cherehani ya mama. Sikuwahi kusikia kitu kinacholia kikanyimwa mafuta. Nilichovya pamba, nikaisokomeza kwenye uwazi wa gurudumu la nyuma, pale breki inapokaa, nikamimina na kikombe kimoja juu yake. Halafu nikatia na gurudumu la mbele, lisione wivu. Nilizungusha magurudumu yakaenda kimya kama paka. Mjomba aliporudi akaisukuma hatua mbili, akatega sikio. "Mashallah," akasema, "imenyamaza yenyewe!" Nikatabasamu nisiseme kitu. Nilitaka ashinde kwanza, kisha nimwambie ushindi umetoka kwa nani.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa ileile. Njia ilikuwa imeoza, na kila mpandaji wa Faza alitaka aanze na pikipiki safi, kwa hiyo wakazipakia zote kwenye mashua, wakazunguka kwa maji hadi Mtangawanda. Ndiyo kusema, Mjomba aliisukuma pikipiki yake kutoka uani hadi ufukweni, wala hakuipanda hata kidogo. Simu yake aliiacha nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Sisi tukabaki na sinia za Idi. Mama alikuwa na desturi ya kumpelekea sahani Fundi Kyalo, mtengenezaji pikipiki aliyetoka Ukambani, ambaye hakuwa Mwislamu na hakuwa na jamaa hata mmoja kisiwani; mama alisema mtu asinuse pilau ya jirani siku ya Idi halafu ale mkate mkavu. Nikatumwa mimi. Nilimkuta chini ya bati lake anapanga spana, amenuna, kwani yeye ndiye aliyewasihi vijana wasishindane.

"Leo hakuna pikipiki kisiwani humu ningempandisha mamangu," akaniambia akipokea sahani. Kisha akavuta pua. "Na wewe mbona unanuka hivyo? Umeogelea na papa?"

Nikamweleza kwa majivuno kazi tuliyoifanya. Akacheka, akasema kuziba plagi kwa pamba na mafuta si wazo baya sana kwa mtu wa vyombo. Nikaona nimalizie hadithi yangu vizuri. "Na breki nazo nimezitia. Zilikuwa zikilia."

Fundi Kyalo aliiweka sahani chini polepole. "Umetia wapi?"

"Ndani. Nyuma na mbele."

"Mtoto wewe, breki hukamata kwa kukwaruzana. Ukiitia mafuta haikamati kitu. Mjomba wako hana breki." Akatazama upande wa uwanja, ambako watoto walikuwa wameanza kujipanga chini ya miavuli na magunia, pembezoni kabisa mwa mstari wa kumalizia. "Hana breki, na anakuja hapa."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunipiga, jambo lililoniogopesha zaidi kuliko kupigwa. Fundi Kyalo alisimama mlangoni na pikipiki yake inanguruma. "Bi Khadija, nikienda peke yangu hatanisikia. Atasema naionea wivu kalafati yake. Huyu mtoto aende aseme kwa mdomo wake."

Mama alinitazama. Mimi sikuwa nimewahi kupanda pikipiki. Kusema kweli, hata punda nilimpanda mara moja nikashuka kwa kulia. Na mama naye hakuwa mwanamke wa kuonekana njiani amepakiwa na mwanamume asiye wake, siku ya Idi, mbele ya mji mzima. Alikusanya buibui lake, akalifunga fundo kiunoni. "Vaa viatu," akaniambia. "Twenda sote." Tukapakiana watatu: Fundi Kyalo mbele, mimi katikati kama nyama ndani ya sambusa, mama nyuma akisoma kila dua aliyoijua na kumwambia Fundi, katikati ya dua, apunguze mwendo, kisha aongeze.

Tulianguka mara mbili, lakini katika tope lile kuanguka kulikuwa kama kulala. Tulikuwa hatujafika mbali na mji, pale njia inapoteremka kupita kando ya mikoko, tuliposikia injini. Moja tu. Baadaye tulijua yaliyotokea: mashindano yalianza mapema wakihofia mvua isije ikazidi, na pikipiki za Faza na za Siyu zilizimika moja baada ya nyingine, plagi zimelowa, zimeachwa zimelala njiani kama ng'ombe. Kalafati ya Mjomba ilishika. Pikipiki pekee ya mashindano iliyokubali kuwaka siku ile ndiyo pekee isiyoweza kusimama. Njia nzima hakuwa amejua, kwa kuwa matope yenyewe yalimshika kila alipolegeza mkono. Sasa alikuwa anatokeza juu ya mteremko, amesimama juu ya vikanyagio, kanzu ya Idi imemganda mwilini, anacheka peke yake. Na nyuma yetu, njia ilikuwa ya mchanga mgumu, imenyooka moja kwa moja hadi uwanjani.

Mama alishuka akasimama katikati ya njia. Alilifungua lile fundo, buibui likapepea, akanyanyua mikono miwili. "Athmani! Huna breki! Athmani! Hu-na bre-ki!" Na mimi, ambaye darasani nilikuwa nikiulizwa jina langu nalinong'ona, nilipiga ukelele nisiojua ulikuwa umekaa wapi mwilini mwangu: "Nilizitia mafuta, Mjomba! Nilizitia mafuta!" Nikamwona anakanyaga. Nikaona uso wake ukibadilika. Akakanyaga tena, akabana mkono, pikipiki ikazidi kuteremka, na dada yake yuko mbele yake hasogei. Fundi Kyalo akamvuta mama kwa buibui. Mjomba akageuza usukani upande wa mikoko, akaruka ukingo, akaingia topeni kwa mshindo ambao hadi leo nikisikia nazi ikidondoka kwenye matope moyo hunipaa.

Tulikimbilia ukingoni. Kisha tope likakohoa. Tulimvuta akiwa mzima, ameteguka mkono, amepoteza kiatu kimoja, meno yote yapo. Mama alimshika mashavu, akamgeuzageuza kichwa kama anayechagua papai, ndipo akaanza kumfokea. "Nakuita husikii?"

"Nimesikia, dada. Ni pikipiki isiyosikia."

Watu walikuja mbio kutoka uwanjani. Aliyeshinda alikuwa kijana wa Siyu, alifika baadaye sana akiisukuma pikipiki yake, wala hakuna aliyempigia makofi kwani wote walikuwa mikokoni. Na walipoona pamba inachuruzika mafuta ya papa kutoka kwenye magurudumu, kicheko kilichopigwa pale kilitisha ndege. "Nani huyu aliyeitia breki sifa?" mmoja akauliza. "Aletwe tumwone!" Nilikuwa nyuma ya mama. Nilifungua mdomo, maana nilikuwa nimeshakiri mara moja nikaona haiui. Lakini Mjomba alikuwa amenitangulia. "Mimi," akasema, tope likimtoka masikioni. "Ilikuwa ikilia. Ningefanyaje?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Fundi Kyalo aliyeujua ukweli aliinama akaanza kutafuta kile kiatu. Mama alinibana mkono, nikafunga mdomo wangu. Siku hiyohiyo Mjomba akapewa jina: Bwana Breki.

Nimewaza sana kuhusu siku ile, maana mtu asiyetoka nje ana wakati wa kuwaza. Mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja akibandikwa jina kisiwani kwetu, ataolewa nalo na kuzikwa nalo. Mjomba alilichukua kama mtu anavyokupokea mzigo gatini bila kuuliza umo nini. Mama aliubeba mji mzima na maneno yake juu ya buibui lenye tope. Fundi Kyalo, ambaye siku hizi amerudi kwao na hunitumia salamu kila Idi, aliiacha sahani yake ipoe, kisha akaufunika ukweli wangu kwa kutafuta kiatu. Watu watatu walinishika mimi nisianguke, na mimi ndiye niliyewatia mafuta.

Siku hizi njia ni nzuri zaidi na pikipiki ni nyingi kuliko punda. Vijana huvaa kofia ngumu, hata kama wengine huzivaa kwenye kiwiko. Mashindano bado yapo, lakini hayaanzi mpaka Mjomba Athman, ambaye sasa ana mvi na goti bovu, amesukuma kila pikipiki mwenyewe na kubana kila breki, na mvua ikinyesha anakaa katikati ya njia na kiti chake mpaka wakate tamaa. Hakuna anayemtukana mara mbili. Idi iliyopita ilinyesha. Alikuja kwetu adhuhuri, maji yanamtiririka, akavuta kiti kando ya jiko langu.

"Yeo nimezuia watatu," akasema. "Mmoja kaniambia, Bwana Breki, wewe uliyeitia breki mafuta ndiye wa kutufunza?"

Nikammiminia chai. "Mjomba, jina lile ni langu. Umelibeba miaka yote hii. Wacha niwaambie watu."

Akapuliza chai, akanywa, akanitazama mimi, akatazama mlango ambao sikuwa nimeuvuka tangu Ijumaa.

"Nimeshalizoea," akasema. "Na wewe hutoki nje. Utalitumia wapi?"