Eponji

Nilikuwa nikiwauliza wanawake wa kambi ya Kamina maswali ya utafiti kuhusu eponji ya kuzuia mimba. Kwetu eponji ni ya kusugulia sufuria tu, basi ikabidi nieleze.

"Unaiweka mu ndani," nilisema, macho chini.

"Ndani ya nini, madamu?" mke wa askari mmoja akauliza.

Ningetajaje? Mama mkwe wangu alikuwa ameketi benchi la nyuma, na mbele ya mkwe mambo hayo hayasemwi. Wanawake wakacheka. Nikataka tu kumaliza.

"Haiumi. Hata hauisikii."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akaniangalia.

"Weye umejua namna gani?"

Kila Jumapili alikuwa akiniombea mtoto kanisani, kwa sauti.