Mpishi Aliyerudisha Mchele

Jua halijapanda vizuri, na Mama Ukoko ameshavaa aproni yake. Anainama juu ya gunia la mchele, anaingiza mkono mpaka begani na kupapasa chini. Anautoa mkono, anaukung'uta.

"Hautoshi," anasema. "Jana haukutosha, na leo ndiyo hivyo tena."

Shule imefungwa kwa likizo. Madarasa yana makufuli, majani yameanza kuota uwanjani, lakini jiko linatoa moshi. Halmashauri iliona kwamba watoto wa familia zenye kipato kidogo, wanaokula bure shuleni, likizo ikifika hushinda na njaa. Ikaamua jiko lisizimwe. Wali na maharage, sahani moja kwa kila mtoto, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni jambo jema, na Mama Ukoko ndiye wa kwanza kulisifu.

Jina hilo amepewa na watoto hao hao, kwa sababu hatupi ukoko. Akimaliza kupakua hukwangua sufuria na kuugawa, nao huugombea kama peremende.

"Wapo wanaoniita mkono wa birika," anasema. "Waniite tu. Mimi nimelelewa na njaa."

Aliyemfundisha kupika ni marehemu mama yake, mjane aliyefua nguo za watu. Kwa kila bakuli la nafaka alilopima, alirudisha kiganja kimoja kwenye mfuko wa nafaka. Alikiita kiganja cha kesho. Binti akakua na mazoea hayo, na alipokabidhiwa magunia ya halmashauri akapika vilevile. Wiki za mwanzo za likizo watoto walishiba, na viganja vikajaza gunia dogo.

Hapo ndipo alipojipalia makaa.

Angeweza kulibeba kwake, na nani angejua? Kibarua chake hakimfikishi katikati ya mwezi, na mjukuu aliyeachiwa na binti yake anamtegemea yeye tu. Hakulibeba. Alilipandisha kwenye mkokoteni, akalisukuma mwenyewe mpaka bohari ya halmashauri, shingo juu, akitegemea japo asante.

"Kumbe huwa mnapewa chakula kingi, mama," mtunza bohari alimwambia.

"Nikacheka naye," anasimulia mpishi. "Nilidhani ananisifu."

Gunia likahesabiwa kuwa ziada. Shehena iliyofuata ikaja pungufu, na kilichopunguzwa kilizidi kile alichorudisha. Watoto hawakupungua hata mmoja.

Sasa harudishi kiganja tena. Ameongeza maji kwenye maharage, amebadilisha upawa akachukua mdogo, na bado sufuria inalia kabla foleni haijaisha. Jana waliokuwa mkiani walitazama ndani, wakamtazama yeye, wakaondoka na sahani safi. Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo linalomuumiza zaidi.

Mkiani huko yumo mjukuu wake. Ni yeye mwenyewe aliyemweka.

"Kosa ni la bibi yake," anasema. "Nitamtangulizaje, halafu mtoto wa mwenzangu akose kwa ajili yangu?"

Amekwenda kwa afisa wa mpango huo wa chakula mara mbili. Afisa si mtu mbaya. Alimpa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. "Lakini mama, wewe mwenyewe ndiye uliyetuonyesha kwamba chakula kinazidi," alimwambia. "Mgao umeshapitishwa. Tutauangalia upya likizo ijayo."

Mama Ukoko alieleza habari za mama yake na kiganja cha kesho. Afisa akatikisa kichwa kwa huruma na kumsindikiza mlangoni. Njiani, mpishi anasema, alijiona mjinga kuliko siku zote alizowahi kuishi.

"Ningekuwa mwizi, watoto wangekula," anasema. Analitamka polepole, bila kutania.

Saa sita inagonga, foleni imejipanga, na yeye anapakua bila kuinua macho. Anajua atafika wapi na nani ataachwa. Safari hii wali unaishia kwa msichana mwenye rasta fupi. Wanaobaki nyuma yake wanaanza kutawanyika. Mpishi anawaita warudi, anawagawia ukoko, na baada ya hapo hana kingine cha kuwapa.

Mpango wake ni wa kesho. Atapakua mapema, kisha atawachukua wale wa mkiani mpaka ofisi za halmashauri, wakae kwenye benchi la mapokezi saa ile ile wafanyakazi wanapofungua vyakula vyao vya mchana. Wazazi ameshawaomba ruhusa. Hatabeba karatasi wala kutoa hotuba.

"Nimeshasema vya kutosha," anaeleza. "Sasa wawaone."

Mjukuu amemuuliza kama avae sare za shule, maana ni likizo. Amemwambia avae, na wenzake pia wavae, la sivyo watafukuzwa getini kama ombaomba.